Shikamoo kwenye Mita Themanini

Machimboni, tarehe 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shangazi, na kwamba goti lako limepunguza maneno. Mimi sijambo. Mgongo unauma, ila huku kwenye kokoto mgongo usipouma nyapara anadhani hukuja kazini.

Nimepewa kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita. Kazi yangu ni kwenye kresha, ile mashine inayotafuna mawe. Jiwe likikwama mdomoni mwake, mimi ndiye ninayelikwamua kwa mtaimbo. Jioni nikipenga kamasi inatoka saruji.

Redio yako ya zamani imefika nzima. Niliiviringisha kwenye blanketi na mashati yangu yote, mimi nikasafiri na baridi. Nyapara alifungua sanduku akauliza, "Hii bomu au jiko?"

Nikasema, "Redio ya kuongea na baba yangu."

"Kwani mzee wako hana simu?"

"Anayo. Hawapatani."

Nikamwonyesha leseni yangu ya redio, akaisoma mpaka nyuma ambako hakuna kitu. Mwishowe akasema, "Nyuma ya karakana kuna kilima, na juu yake mnara wa tangi bovu. Funga nyaya zako huko. Lakini kile kilima nacho ni jiwe, na siku tutakapokifikia tutakilipua. Sitaki kuona mtu analia."

Basi nimefunga. Waya unapanda toka chini hadi kileleni mwa mnara, kisha unalala kwenda kwenye nguzo ya taa iliyokufa, kama ulivyonichorea. Vishikizi vya kuuzuia waya usiguse chuma ni shingo za chupa. Kila asubuhi niko pale kabla ya king'ora, jua likianza kutoka kwangu na kwako bado giza, maana ndipo mita themanini, ile bendi ya mawimbi yetu, zinapofunguka kati yetu.

Siku ya kwanza tu nilikusikia, Baba. Nilikujua kabla hujamaliza kupiga jina lako la wito kwa Morse. Kati ya nukta na mistari yako, mstari wa mwisho unaurefusha, kama mtu anayetoka akaacha mlango wazi. Nikajibu, nikapiga na shikamoo. Ukaita tena kama vile hakuna mtu. Nikapiga tena. Jua likapanda, bendi ikafa.

Nadhani antena yangu ni mbovu. Niambie nifanye nini. Tangu tumzike Mama, mimi na wewe tukikaa sebuleni hatuna la kusemezana, ila kwenye kipigio, kile kitufe cha Morse, tunasema. Uliniahidi tutakutana hewani hata nikifika mwisho wa dunia. Nimefika. Nakungoja uniitikie.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado lina maneno lakini nimeacha kulisikiliza. Shangazi yako hajambo, anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayeandika kurasa mbili hana njaa.

Shikamoo ya barua nimeiitikia. Ya hewani sijaisikia, na unanijua. Miaka yote niliyokaa chumba cha telegrafu sikuwahi kusema "nimepokea" kitu ambacho sikukipokea, hata mkubwa wa posta alipokuwa amesimama nyuma yangu. Anayekiri ujumbe ambao hakuupata ni mwizi tu, tofauti yake haendi jela.

Waya wako hauna neno. Tatizo ni ardhi. Antena ya namna hiyo ni kama mti, nusu yake iko chini, na wewe umesimamisha shina bila mizizi. Jiwe kavu halipokei umeme, nguvu yako yote inaishia kulipasha moto hilo jiwe. Tandaza nyaya chini kuzunguka mguu wa mnara, kama vijiti vya mwavuli, urefu wake sawa na ule unaopanda. Kadiri zitakavyokuwa nyingi ndivyo nitakavyokusikia. Usijali ubora, hata waya uliochakaa ni mzizi.

Tena usiegemee kipigio. Nakukumbuka ulivyokuwa mdogo, ukichoka unakilalia mpaka redio inanuka. Kitufe kinaguswa, hakishikiliwi.

Usinipigie simu. Simu inamfanya mtu apayuke. Simu yangu nimemwachia Shangazi yako.

Baba yako.


Machimboni, tarehe 19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Vipi hali, vipi mvua, na lile bati la jikoni limepigwa misumari au bado mnahamisha sufuria? Mimi mzima, nimekonda kidogo, mwambie Shangazi nakula.

Mizizi nimeipata. Hapa kila wakilipua, ule waya mrefu unaopeleka umeme kwenye baruti unakatikakatika na mawe, na vipande vinatupwa. Nilimwendea fundi baruti, mtu mmoja mfupi asiyecheka, nikamwomba vile vipande. Akaniangalia.

"Wewe ndiye mwenye redio?"

"Ndiyo, fundi."

"Unajua fataki zangu za umeme za kuwashia baruti zinaweza kuwaka kwa mawimbi ya redio yako?"

Nikasema najua, baba yangu alinifundisha, ndiyo maana nikitaka kupiga natazama kwanza kama stoo yake imefungwa. Akauchomoa ufunguo wa stoo ndani ya shati. Kisha akasema, "Ufunguo huu hapa shingoni. Ukiniona nauvua, wewe zima redio na kaa mbali nayo. Tumeelewana?" Tukaelewana. Siku ya pili alinibwagia rundo la nyaya mlangoni kama mtu anayemlisha mbuzi.

Basi jioni baada ya kazi naunganisha vipande, napeleka kilimani, natandaza. Ardhi hairuhusu kuchimba hata kwa sululu, kwa hiyo nazikandamiza kwa kokoto. Kokoto zipo. Wenzangu wananiita Buibui. Mpishi ananiuliza, "Buibui, leo umenasa nini?" Namwambia bado.

Kwa sababu bado, Baba. Nimeshatandaza nyingi, nakusikia kama uko chumba cha pili, na wewe huniitikii. Jumapili ulipiga hewani, "Mwanangu, kama upo, nakusikiliza." Nilikuwepo. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Nitaongeza.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole na mkono. Sisi huku wazima. Bati nimelipigilia mwenyewe, Shangazi yako akishika ngazi na kunitukana.

Ongeza tena. Bendi za chini zinataka subira, si kama hizi za juu zinazokubali kila mtu. Mimi nakaa kila alfajiri na sauti nimeifungua mpaka mwisho, nasikia mvumo tu, kama mtu anayemwaga mchanga ndani ya kichwa changu. Huenda ni radi za mbali. Shangazi yako amehamia chumba cha nyuma kwa sababu ya kelele, jirani naye alikuja kunisemesha jambo dirishani, nadhani analalamika. Nilimwitikia kwa kichwa.

Antena yangu nimeikagua. Ile V iliyogeuzwa iko vilevile, kilele juu ya bomba, miguu miwili kwenye uzio. Nilikuta shuka zimeanikwa juu ya mguu mmoja, nimeshazungumza na anayehusika.

Nakumbusha, ukiwa kwenye hiyo mashine vaa vizibo vya masikio. Jiwe likikukata mkono una mwingine. Sikio la mpiga Morse ndilo linalomlisha, na likienda halitoi taarifa.

Baba yako.


Machimboni, tarehe 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuombea uzima wewe na Shangazi. Mimi mzima kwa kuponea chupuchupu.

Wiki iliyopita nilisinzia nimesimama. Jiwe lilikwama, nikaingiza mtaimbo, macho yakafumba. Kresha ikaunyakua mtaimbo na glavu yangu, ingetaka na mkono ingeupata. Aliyenivuta kwa ukosi ni yule mzee wa kutoboa miamba, tunamwita Babu Drili. Ni kiziwi kabisa, mashine imemla masikio yote mawili, lakini aliona mabega yangu yalivyolegea. Nyapara akanikalisha chini.

"Buibui, usiku unalala?"

"Nalala. Ila jioni natandaza waya na alfajiri napiga."

"Na mzee anajibu?"

"Hajajibu."

"Mimi baba yangu asingejibu miezi yote hii, ningeelewa ujumbe," akasema. Alikuwa anatania, ila sikucheka.

Nimechoka, Baba, nasema kweli yangu. Nyaya chini sasa zimejaa mpaka mbuzi wa jirani wanajikwaa. Halafu kuna kitu sikielewi. Yule rafiki yako wa kwenye bendi, mtengeneza saa wa ng'ambo ya bahari, ananisikia. Aliniambia sauti yangu ni nene kuliko ya watu wenye milingoti ya chuma. Yuko mbali na mimi kuliko ulivyo wewe. Anisikie yeye, wewe usinisikie, mawimbi yangu yanakuruka vipi?

Tena uso wa machimbo unasogea. Wakilipua, vumbi sasa linafika mguuni mwa mnara. Nyapara anasema kabla ya mwisho wa mwaka kilima hakipo, na hapa hakuna mahali pengine penye kimo. Nataka uniitikie kabla hawajakilipua. Nataka hilo tu.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima.

Huyo mtengeneza saa ana adabu nyingi, kila mtu humwambia ana sauti nene. Labda mkono wako ndio mzito siku hizi, unagonga kama fundi viatu, herufi haziachani. Piga vizuri.

Na kama kazi inakushinda, lala. Sikukuomba ufe.

Baba yako.


Machimboni, tarehe 30 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Nilikasirika. Nilitaka nishushe waya niufanye kamba ya nguo. Leo sina hasira tena, kwa hiyo naandika.

Jana alfajiri uliita. Mimi nikajibu, na kabla sijamaliza herufi ya tatu ukaanza kuita tena, juu yangu. Nikanyamaza mpaka ukamaliza, nikapiga upya, ukaniingilia tena. Tulipoacha sote wawili, mtengeneza saa akaingia polepole akapiga hivi, nimeyanakili yote: "Kijana, pole. Mzee anaita juu yako. Juzi aliita juu yangu pia. Zamani angesikia sindano ikianguka bandarini. Nadhani hasikii tena."

Nilikaa juu ya tangi mpaka king'ora kikalia, nikakumbuka. Simu unamwachia Shangazi. Sauti ya redio iko mwisho na yeye amekimbia. Jirani anakusemesha, unatikisa kichwa. Barua zako zote zimeniambia, nami nikaenda kutandaza waya.

Baba, siandiki haya kukuaibisha. Wewe mwenyewe ulisema sikio likienda halitoi taarifa. Hukunidanganya, ulisema hujanisikia na kweli hukunisikia. Ila umenitandazisha mizizi kwenye mwamba, na antena ilikuwa nzima tangu Machi. Tukionana utaninunulia soda.

Sasa sikiliza ya Babu Drili. Nilimuuliza kwa ishara anavyojua mwamba umebadilika wakati hasikii. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya chuma cha mashine ikitoboa. Mwamba mgumu unauma vidole, mwamba laini unanguruma tumboni, na ufa unajulikana kwa sababu mkono unaanguka kidogo. Anafanya kazi hiyo kwa kiganja na hajavunja chuma mwaka mzima.

Fungua kifuniko cha spika, Baba. Toni izungushe ishuke kabisa, iwe nzito kama ngoma, na sauti iache hapo mwisho ilipo. Weka vidole viwili juu ya karatasi ya spika, usikandamize. Mimi nitapiga taratibu, herufi moja na nyingine ziachane kabisa.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mwanao.


Machimboni, tarehe 9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Ni mwezi na zaidi sijapata barua yako. Nakusalimu hivyo hivyo.

Hewani nako umenyamaza. Zamani ulikuwa huniitikii lakini nilikuwa nakusikia, nikienda kazini najua kumekucha na wewe umeamka. Sasa ni mvumo tu. Mtengeneza saa anauliza kila asubuhi, namwambia sina habari. Nilimpigia Shangazi simu nilipokwenda mjini na lori. Alisema wewe mzima, unakula, redio umeifunika kitambaa na huongei na mtu. Alisema, "Mwache, anapigana." Nikamuuliza na nani. Akasema, "Hapa nyumbani hakuna wa kupigana naye ila yeye mwenyewe."

Kama nimekukosea, nisamehe. Ila maneno yenyewe siyarudishi.

Kilima kinalipuliwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Fundi baruti amekuja mwenyewe kuniambia, akavua kofia kama mtu wa msibani. Jumapili ndiyo asubuhi yangu ya mwisho juu ya mnara. Kila alfajiri mpaka siku hiyo nitakuwa palepale tunapokutania, nikipiga taratibu. Sitakuambia hapa nitapiga maneno gani, maana ukiyajua utavidanganya vidole vyako, na wewe hukubali usichokipokea.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 7 Oktoba

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Usinijibu haraka, soma kwanza mpaka mwisho.

Barua yako ya Julai iliponifikia nilimwambia Shangazi yako kwamba mtoto ameniita kiziwi, je ni kweli? Akajibu kitu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikasema rudia tena. Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa jikoni NDIYO, herufi kubwa, akaendelea na vyombo vyake. Lile neno bado lipo mlangoni. Nimemkataza kulifuta.

Nilifunika redio. Nilikuwa nimejiambia ni radi, kisha nikasema ni ardhi yako, kisha nikakutukana mkono. Glavu yako ingeweza kuwa na mkono ndani, na mimi ningekuwa huku nakwambia ongeza waya. Hilo ndilo lililonikalisha kimya, kuliko masikio yenyewe. Kupigana na Babu Drili wako nisingeweza, nilikuwa nimeshaona ana haki.

Barua yako ya Septemba ilipofika, nikaifunua redio nikaweka vidole kwenye spika. Alfajiri za mwanzo sikupata kitu. Mchanga tu chini ya vidole, ule ule niliokuwa nausikia kichwani. Nilikuwa nakandamiza mno, mpaka karatasi ya spika ikakunjika kidogo. Jumamosi nilipata vipande, mstari hapa, nukta pale, ila sikuwa na herufi nzima hata moja, na sikupiga chochote, maana nilikuwa sina cha kukiri.

Jumapili nilimwita Shangazi yako akae kando anishikie taa na penseli. Akaja amejifunga kanga masikioni kwa ajili ya kelele, akakaa. Nikaweka vidole kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa. Mchanga. Mchanga. Kisha kitu kikagonga. Radi hugonga ovyo, hiki kiligonga kwa hesabu. Nukta tatu. Nukta nne. Nikamtajia Shangazi yako herufi moja moja kwa sauti kubwa, naye akaandika. Nilipofika mahali nikakujua, mwanangu, kabla ya maneno kukamilika. Mstari wa mwisho unaurefusha. Umeuchukua kwangu na sikuwahi kujua.

Haya ndiyo niliyopokea, naandika kama yalivyo, palipopungua nimeacha wazi:

SHIKAMOO BABA. KILIMA KINAONDOKA KESHO. MIMI SIENDI POPOTE. BABU DR . LI ANASEMA POLE

Mwambie Babu Drili nimeshapoa.

Shangazi yako aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema kitu. Sikusikia, na mara hii nilimwambia sikusikia. Akanisukumia kipigio.

Nikapiga marahaba. Niliipiga mara moja tu, vizuri, kama kazini. Kisha nikarudisha vidole kwenye spika, na pakawa kimya hata mchanga sikuuona. Nikadhani jua limekwishapanda kwako na bendi imekufa, na wewe hukupata.

Halafu karatasi ikaanza kutetemeka bila kukatika. Hukuwa unapiga herufi yoyote. Ulikuwa umekishikilia kitufe, mstari mmoja mrefu, mrefu, kama mtoto aliyechoka akakilalia kipigio. Ni kosa lile lile nililokukataza tangu ukiwa mdogo, tena ni kuua mashine.

Sikukukemea. Sikuondoa mkono mpaka ulipouachia mwenyewe.

Baba yako.